Hedhi imechelewa? Kumbuka kama ulimeza P2

Dada, kabla hujakesha ukihesabu tarehe, jiulize kwanza: mwezi huu ulimeza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba? Kidonge kile hufanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka, na yai likichelewa, hedhi nayo husogea. Inaweza kuwahi au kuchelewa siku kadhaa, hata wiki. Ikipita wiki nzima, nunua kipimo cha mimba duka la dawa (si ghali) na utumie mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukiona mstari mmoja (yaani hakuna mimba) na hedhi bado kimya, rudia baada ya wiki.

Walioacha sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba wao wawe na subira zaidi. Mzunguko unaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, kukaa sawa. Ila usijidanganye kwamba huwezi kushika mimba kwa sababu hujaona damu. Yai hutoka kabla ya hedhi. Hapo ndipo wengi hunaswa, wanaonyonyesha wakiwemo.

Mawazo, kukonda ghafla, mazoezi makali na matatizo ya tezi ya shingo pia huchelewesha. Na mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, kwa hiyo siku mbili tatu zisikutoe jasho.

Ukipata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au matone ya damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi.