Jinsi ya Kunakili Laha ya Excel Bila Kupoteza Maandishi

Katika Excel 2003, ukinakili laha (sheet) nzima, seli yoyote yenye herufi zaidi ya 255 hubaki na hizo 255 za mwanzo tu kwenye nakala. Laha ya asili haiguswi. Programu hutoa onyo, lakini wengi hulikubali bila kulisoma, na aliyekwisha kuifuta laha ya asili hana pa kuyatoa maneno yake.

Kwanza hakikisha yamepotea kweli. Bofya seli inayokutia shaka, kisha tazama upau wa fomula juu ya laha. Toleo hilo huhifadhi hadi herufi 32,767 katika seli moja, ila ndani ya seli yenyewe huonyesha 1,024 tu. Zilizobaki zinasomeka kwenye upau. Seli ndefu iliyojaa alama za #### nayo mara nyingi ina maandishi yake yote, tatizo ni kwamba imewekewa umbizo (format) la maandishi (Text). Ibadilishe iwe umbizo la jumla (General), yataonekana.

Kama hata upau unakatikia njiani, fuata hatua hizi:

1. Nakili laha kama kawaida, kwa kubofya kichupo chake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri ya kuhamisha au kunakili. Weka tiki kwenye sehemu ya kuunda nakala. Usiiruke hatua hii, maana ndiyo inayobeba upana wa safu, vichwa vya kurasa na mipangilio ya kuchapisha.

2. Rudi kwenye laha ya asili, bofya kisanduku cha pembeni panapokutana vichwa vya safu na namba za mistari ili kuchagua seli zote, kisha bonyeza Ctrl+C.

3. Nenda kwenye nakala, bofya seli A1, bonyeza Ctrl+V. Seli zikinakiliwa namna hii hazikatwi.

Kuburuta kichupo huku umeshikilia Ctrl hakusaidii. Ni kunakili laha nzima vilevile.

Sasa hakiki, na tafadhali usitegemee macho. Katika kila laha, kwenye seli tupu iliyo nje ya data, andika =SUMPRODUCT(LEN(A1:Z500)), ukirekebisha eneo lienee data yako yote. Fomula hiyo hujumlisha herufi za seli zote. Jumla zikitofautiana, kuna kilichobaki nyuma. Usifute laha ya asili mpaka zilingane.

Ukipeleka nakala kwenye faili nyingine, chunguza fomula zinazotaja laha nyingine, kwa sababu zitaendelea kuelekeza kwenye faili ya zamani. Ikiwa unahitaji sehemu kubwa ya faili, mimi ningehifadhi faili nzima kwa jina jipya na kuondoa laha zisizotakiwa. Hapo hakuna laha inayonakiliwa, kwa hiyo hakuna kinachokatwa. Angalia tu kwamba fomula zilizobaki hazitegemei laha unayoiondoa, la sivyo zitatoa kosa la #REF!, yaani fomula haioni tena seli inayoitaja.