Watu Wanaongezeka, Shamba Haliongezeki: Okoa Kwanza Ulichokwisha Kuvuna

Mwaka 1950 dunia ilikuwa na watu bilioni 2.5 hivi. Novemba 2022 wakafika bilioni 8, na makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanaonyesha idadi itapanda hadi bilioni 10.3 hivi katika miaka ya 2080, kabla ya kuanza kushuka taratibu. Mashamba, kwa upande wake, yanagawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu. Maji nayo hayatoshi: takribani asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa na binadamu huenda kwenye kilimo.

Ukitaja chakula zaidi, wengi hufikiria mbegu na mbolea. Vina nafasi yake. Lakini Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linakadiria kuwa asilimia 13 hadi 14 ya chakula hupotea kati ya mavuno na kufika dukani. Hicho kimeshapaliliwa, kimeshatumia mvua na nguvu zako. Ukikiokoa, hufyeki msitu wala huongezi ekari. Nashauri mkulima mdogo aanzie hapo.

Kwa mahindi, shida kubwa huanzia kwenye unyevu. Punje ziwe na unyevu usiozidi asilimia 13 kabla ya kuhifadhiwa. Kuzing'ata kwa meno hakutoshi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje ulizochota sehemu mbalimbali za lundo hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Bado anika tena siku moja au mbili, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Usilichukulie hili kirahisi. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa na inaweza kusababisha saratani ya ini. Punje zilizooza au kubadilika rangi zitupwe. Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Yakishakauka, mifuko isiyopitisha hewa ni msaada mkubwa. Fukusi na dumuzi waliobaki ndani humaliza oksijeni, wanakufa bila dawa yoyote. Mifuko hii huwekwa mmoja ndani ya mwingine. Kagua kwanza kama mfuko wa ndani una tundu, kamua hewa yote, funga kila mfuko peke yake kwa nguvu, na usiufungue ovyo, maana kila ukifungua unawarudishia wadudu pumzi. Panga juu ya vichanja, mbali na ukuta, na ghala lifagiliwe kabla ya mavuno mapya kuingia. Masalia ya msimu uliopita yasichanganywe na mapya, hata yakionekana mazima.