SOMO: Kumtumia profesa kama mshauri wa kampuni ya elektroniki na mawasiliano yasiyotumia waya

Habari wakuu. Kampuni nyingi humtafuta profesa ili jina lake likae kwenye tovuti, kisha mwaka unapita hajaulizwa chochote. Nitaeleza jinsi ya kumtumia kikazi.

Hatua ya 1: Andika swali kwanza
"Tunataka mtu wa antena" bado si swali. Swali ni hili: "Kifaa chetu cha gigahezi 2.4 kikiwa kitupu kinafika mita 80 uwanjani. Tukikivisha kasha lenye betri kinaishia mita 40." Mtaalamu akisoma hivyo anajua pa kuanzia. Umbali kupungua nusu mahali pa wazi ni desibeli 6 hivi za nguvu ya mawimbi zilizopotea, na betri iliyobanana na antena huivuruga isikae kwenye masafa yake. Wakati mwingine ukishaliandika vizuri, fundi wako analimaliza mwenyewe na pesa ya profesa inabaki.

Hatua ya 2: Tazama anachofanya, cheo baadaye
Erdal Arıkan wa Chuo Kikuu cha Bilkent, Uturuki, alichapisha misimbo ya polar mwaka 2009, na leo imo kwenye 5G. Hiyo ni hesabu ya kusahihisha makosa ya data. Bingwa wa fani hiyo huenda hajawahi kushika chuma cha kulehemu, na wewe shida yako ni saketi. Soma makala zake mbili tatu za karibuni uone kama maabara yake inapima vifaa halisi au inaishia kwenye uigaji wa kompyuta.

Hatua ya 3: Nani atamiliki jibu?
Hapa msiharakishe. Kuna kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya dawa ya Roche iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2011. Ilihusu vipimo vya virusi vya UKIMWI, lakini inatuhusu sisi wa redio vilevile. Mtafiti alikuwa ameiahidi Stanford kwamba *atakubali kuikabidhi* haki za uvumbuzi wake. Alipokwenda kujifunza mbinu kwenye kampuni ya Cetus, akasaini karatasi iliyosema *anakabidhi* papo hapo. Roche walikuja kununua kazi hiyo ya Cetus, na mwisho wa kesi chuo hakikuweza kuwanyang'anya haki. Kitenzi tu!

Kwa hiyo omba kuona mkataba wake wa ajira unasemaje kuhusu uvumbuzi, pata idhini ya chuo kwa maandishi, na vifaa vya maabara ya chuo visiguswe kwa kazi yako mpaka chuo chenyewe kisaini.

Hatua ya 4: Siri na hataza
Profesa huishi kwa kuchapisha. Ulaya, uvumbuzi uliotangazwa kabla ya ombi la hataza (haki rasmi ya kumiliki uvumbuzi) kwa kawaida umeshapotea. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12. Kubalianeni akuonyeshe rasimu mapema, nawe uwe na siku maalumu za kujibu. Usimfungie makala milele, atakukimbia.

Hatua ya 5: Malipo
Kwa saa au kwa siku, kazi ikiwa na mwisho unaoonekana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sina pesa. Nimpe hisa?*
Unaweza, ila ziwe zake kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kukushauri. Ukimpa zote siku ya kwanza, usishangae simu isipopokelewa.

*Wasomi wanaijua biashara kweli?*
Wapo. Irwin Jacobs na Andrew Viterbi walikuwa maprofesa walipoanzisha Linkabit mwaka 1968, kampuni iliyoanza kwa kazi za ushauri. Mwaka 1985 wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Qualcomm, kampuni ya chipu za simu.

*Mwalimu, profesa wangu anataka mwanafunzi wake ndiye afanye vipimo. Nikubali?*
Kubali, lakini mwanafunzi huyo asaini mkataba wake mwenyewe. Sahihi ya profesa haimfungi yeye. Na muulize mapema kama vipimo hivyo vitaingia kwenye tasnifu yake, maana tasnifu huwekwa maktaba na yeyote anaweza kuisoma.