Auto waijua kwa mguu, si kwa karatasi: jinsi ya kuzilinganisha giaboksi ukiwa kwenye usukani

Watu wakija yadi hapa Mombasa swali la kwanza ni "hii ni auto?" wakiambiwa ndio basi, maneno yamekwisha, wanageukia rangi na rimu. Lakini auto si moja jamani. Nyuma ya zile P R N D huenda kukawa na mashine nne tano tofauti kabisa, kila moja na tabia yake kwenye jemu, kwenye mlima, na kwenye mfuko wako baadaye. Mimi kazi yangu ni kupeleka magari ya watu, natoa yadi hii napeleka kule, mengine hadi Nairobi, kwa hivyo wiki moja naweza kukalia giaboksi za kila aina. Na muuzaji usimuulize sana, wengine akiona tu alama ya + na - pale kwenye gia ashakwambia ni tiptroniki (auto ambayo dereva aweza kupandisha na kushusha gia mwenyewe). Iulize gari yenyewe.

Namna yangu ni hii: chagua njia moja uipite na kila gari, siku moja ikiwezekana, saa zinazokaribiana, maanake ukiijaribu moja asubuhi barabara tupu na nyingine saa kumi na moja jioni hapo hujalinganisha kitu, umelinganisha foleni. Mimi naanzia mahali tambarare, napita daraja la Nyali kukiwa na jemu, halafu Changamwe, Miritini, napanda Mazeras na kurudi. Zima redio. Kiyoyozi kiwache kikizunguka, kwa joto letu hilo ndio hali halisi utakayoendeshea.

Kwanza gari iwe baridi, mwambie muuzaji asiiwashe hadi ufike. Washa, mguu kwenye breki, tia R, ngoja kidogo, tia D. Giaboksi nzuri ya konvata (ile auto ya siku zote, ya kusukumwa na mafuta) yashika kabla hujamaliza kusema "moja", utasikia injini imeshuka kidogo na gari imejikaza kama mtu aliyeegemea mlango. Ikikaa sekunde mbili tatu ndio ipige "ndu!", mshukuru mwenye gari uende zako.

Sasa achilia breki polepole na ekseleta usiiguse. Konvata itatambaa laini, haina haraka haina mshtuko, kwa sababu hakuna chuma kinachoshika chuma pale, ni mafuta yanazungushwa na upande wa injini yakausukume upande wa magurudumu. CVT (auto ya mkanda na puli, isiyo na gia za kuhesabu) nyingi nazo zitatambaa vivyo hivyo, nyingi zina konvata mbele yake, kwa hivyo hapa usijifanye umeshajua. Ya klachi mbili, hizi DCT, na Volkswagen wao waita DSG, hufikiri kidogo kisha inauma, unahisi katetemeko kadogo mguuni kama mtu anayeachia klachi vizuri lakini si vizuri sana. Ikiondoka bila sauti yoyote wakati taa za dashibodi zinawaka, hiyo ni haibridi (yenye injini na mota ya umeme pamoja) na yataka maneno yake, tutafika.

Kuna na jamii ya tano ambayo wengi hapa hawajaikalia: manuali iliyotiwa roboti ya kukanyaga klachi. Suzuki waita AGS, utaikuta kwenye Alto na Carry za Japani. Hii huna haja ya mtihani, angalia tu pale kwenye gia: hakuna P! Unaegesha kwa kuiacha kwenye gia na handibreki juu. Ukiiendesha kila inapobadilisha gia kichwa chako kinaitikia "naam" mbele, nyuma, mbele. Dawa yake ni kulegeza ekseleta kidogo unapohisi yataka kubadilisha, kama unavyofanya kwenye manuali, ukishaizoea abiria hatojua.

Haya, daraja la Nyali. Hapa ndipo DCT inapotoa siri. Kwenye foleni ya kusogea mita mbili mbili klachi yake inakaa nusu imeshika nusu imeachia, na hapo ndipo inapopata moto, hasa zile za klachi kavu kama DSG ya gia 7 iliyokuja kwenye Golf nyingi za injini ndogo. Ile ya gia 6 klachi zake zimo ndani ya mafuta, hiyo inavumilia zaidi. Ukiendesha ya kavu usinyemelee gari ya mbele, wacha nafasi ifunguke kisha uende mwendo wa maana usimame tena. Matatu atajichomeka kwenye hiyo nafasi, najua, mwache ajichomeke. Na kwenye mlima usiishikilie gari kwa ekseleta, tumia breki. Konvata haijali foleni, jemu ndio nyumbani kwake, na CVT ndiyo laini kuliko zote hapo, dereva wa teksi ukimpa CVT saa za foleni atakuombea dua.

Ukitoka Miritini barabara ikaanza kupanda, malori yako kushoto yanakohoa, kanyaga ekseleta robo tatu na jicho likae kwenye mshale wa RPM (mizunguko ya injini). Konvata: mshale wapanda, washuka, wapanda tena, na kila unaposhuka kuna kitambo kidogo cha ulaini. DCT: mshale waanguka tap! kama umekatwa kwa kisu, na gari haikuacha kuvuta hata kidogo. Utamu wake ndio huu na ndio unaowatia watu wazimu wakasahau bei ya klachi. CVT: mshale wapanda hadi elfu nne hivi ukakwama hapohapo, injini inalia mfululizo na gari inakuja nyuma yake, kama unavuta manati, mpira unanyooka kwanza ndio jiwe litoke. Wengi wakisikia kelele ile wadhani giaboksi imekufa. Haijafa, ndivyo ilivyo, haina gia za meno, ina mkanda wa chuma baina ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Kasoro ni kama inalia na mwendo hauongezeki, au inatetemeka. CVT za karibuni nyingine zimefundishwa kuigiza kubadilisha gia, mshale unaruka kama wa konvata, kwa hivyo kanyaga taratibu pia, mguu mwepesi uigizo hupotea.

Kuna kajaribio kangine nakapenda. Ukiwa 70 au 80 tambarare, mguu umetulia, gusa ekseleta kidogo tu. Mshale ukiruka na mwendo haujabadilika, konvata bado inateleza kwenye mafuta. Ukipanda pamoja na mwendo, imejifunga, yaani klachi iliyo ndani yake imezishika pande mbili zizunguke pamoja bila kuteleza. Demio za kuanzia 2014 zina konvata ya gia 6 inayojifunga mapema sana, ndio maana ukiiendesha baada ya Vitz ya zamani ya gia 4 wahisi umeshika kamba isiyolegea.

Kwenye kurudi, mteremko wa Mazeras, jaribu L, S au B (zile za kuifanya injini izuie gari), chochote kilichopo. Gari yafaa ijizuie yenyewe bila breki kunuka.

Haibridi sasa. Aqua na Prius zinaandikwa CVT lakini hazina mkanda hata mmoja, ni meno tu na mota mbili za umeme, hata gia ya reveshi hazina, mota inazunguka kinyume basi. Kelele mlimani utaisikia ileile ya CVT ila mwendo wa kuanzia ni wa umeme. Fit haibridi ya 2013 nayo ni DCT ya gia 7, na Fit auto isiyo haibridi ya umbo lilelile ni CVT! Note vilevile, ya kawaida ni CVT na ile e-Power iliyoanza 2016 magurudumu yanasukumwa na mota peke yake, injini kazi yake kuzalisha umeme. Ndio nikasema mguu, si karatasi.

Ukishajua ni ipi, uliza mafuta yake. Mjomba wangu alinunua Note, akaipeleka gereji moja, wakamwaga mafuta ya CVT wakatia ATF ya kawaida (mafuta ya auto za konvata), "yote ni mafuta ya giaboksi mzee." Haikufika miezi miwili gari ikitoka pale iliposimama inatetemeka kama inapita juu ya mabati, na mkanda ule hukwaruza puli ukishaanza kuteleza, kurekebisha ikawa bei ya pikipiki nzima. Kila CVT ina mafuta yake, namba iko kwenye kitabu cha gari, nunua wewe mwenyewe uende na kopo lako.

Na wa Likoni: nendeni siku za bamvua maji yakipwa, ile rampu ya feri inakuwa kali. Ukishuka feri ng'ambo, simama katikati ya mpando kama nyuma pako wazi, achilia breki. Konvata itashika au irudi kidogo tu, DCT yategemea kama ina kishikilia mlima, AGS mguu wako uwe tayari. Fanyeni haraka tu, wale wa feri hawana subira.