Umepanda cheo kuwa sajini US Army? Jinsi ya kuishi na vijana wako bila kujiharibia

Sisi Waswahili tulio jeshi la Marekani tumezoea kuishi kindugu, na ukishakuwa sajini undugu huohuo unaweza kukumaliza. Kanuni ya jeshi kuhusu uhusiano wa sajini na vijana, yaani askari wa vyeo vya chini, ni AR 600-20, aya ya 4-14, isome mwenyewe usingoje kuhadithiwa.

Anza na pesa, maana hapa ndo wengi wanaponaswa. Sajini haruhusiwi kumkopesha praiveti wala kukopa kwake, hata kama ni mtu wa kwenu na mamake anaumwa huko nyumbani, najua inauma lakini ndo hivyo. Kijana amekwama kweli? Mpeleke Army Emergency Relief, shirika la kusaidia askari wenye shida ya dharura, wanakopesha bila riba. Biashara ya kuendelea pia marufuku, kwa hiyo kama mko chama kimoja cha kuchanga pesa na kijana unayempangia zamu, pitia ofisi ya sheria uulize kabla mchango wa mwezi ujao haujafika. Kumuuzia gari lako mara moja tu, hiyo inaruhusiwa.

Mapenzi na kijana hapana, hata kama yuko kitengo kingine kabisa. Kama mlikuwa pamoja kabla hujapanda, usifiche, nenda ofisi hiyohiyo ya sheria mapema. Kamari pia hapana.

Kanisani, kwenye timu ya mpira, sherehe ya kitengo, hakuna shida. Ukichoma nyama kwako alika kikosi chote, sio Wakenya wawili peke yao, kwa sababu kanuni inaangalia hata upendeleo unaoonekana tu, na yule kijana wa Texas anayelinda geti kila wikendi anawaona vizuri sana na ana haki ya kuuliza.

Sasa ukimwona sajini mwenzako ameteleza, mwambie uso kwa uso aache. Lakini kama kijana analazimishwa au anatishwa, hapo usimwonye mtu, nenda moja kwa moja kwa kamanda au kwa inspekta jenerali, ofisa anayepokea malalamiko ya askari. Sajini na kijana wote wawili wanaweza kuulizwa, ila mwenye cheo kikubwa ndiye anayetarajiwa kuukata uhusiano huo, na kamanda anaweza kutoa onyo, kuhamisha mtu, au kufika hadi mahakama ya kijeshi.

Ukiitwa wewe kuhojiwa, usianze kujieleza. Kifungu cha 31 cha sheria ya jeshi kinakupa haki ya kunyamaza, sema unataka wakili kisha nenda Trial Defense Service, mawakili wa jeshi wanaotetea askari, hawakutozi hata senti.