Kuzima king'ora: namna ya kuulinda ubongo wa mtoto dhidi ya msongo wa muda mrefu

Mtoto wa miaka mitatu anayeamshwa usiku na kelele za ugomvi hajui kama hatari itamfikia kitandani, na mwili wake haungoji ajue. Hipothalamasi, kipande kidogo kilichopo chini ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari. Nayo huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimwage kotisoli, homoni ya msongo. Moyo huenda mbio, sukari hupanda kwenye damu, usagaji wa chakula hupungua. Hatari ikipita, kotisoli hiyohiyo huuarifu ubongo uzime king'ora, na mtoto hulala tena.

Msongo unaokuja na kupita hivyo haumdhuru. Unaodhuru ni ule unaorudi siku baada ya siku huku mtoto akiwa hana wa kumtuliza: kipigo, matusi, kutelekezwa, mlezi mlevi au aliyezama katika sonona. Amigdala, sehemu ya ubongo inayopima hatari, huwa nyepesi kushtuka hata kwa mlango uliobamizwa na upepo. Hipokampasi, inayosaidia kutunza kumbukumbu, ina vipokezi vingi vya kotisoli na huathirika kwa urahisi. Mtoto akasahau alichofundishwa jana, akaitwa mvivu. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayozuia hasira, nayo hukomaa taratibu hadi kwenye miaka 25 hivi.

Madhara hayaishii kichwani. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha majibu ya watu wazima zaidi ya 9,000 wa San Diego, Marekani, walioulizwa kuhusu utoto wao. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyo mara 4 hadi 12 ya wasiopitia hata moja. Maradhi ya moyo na ya mapafu nayo yaliongezeka kadiri mateso yalivyokuwa mengi. Hesabu hizo ni za kundi. Usizitumie kumtabiria mtoto mmoja maisha yake.

Jambo la kushika ni hili: mtoto mdogo hawezi kujizimia king'ora. Huazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu naye.

Anapopiga mayowe

Anza na mwili wako. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, mara tano. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo, na mtoto husoma uso na sauti yako kabla ya maneno yako.

Kisha chuchumaa macho yenu yalingane, umbali wa mkono mmoja, ukiwa umekaa upande kidogo badala ya kumkabili uso kwa uso. Sema kwa sauti ya chini, maneno machache: "Nipo hapa. Umeogopa. Nakaa na wewe." Usimwahidi kwamba hakuna atakayemuumiza kama huna uhakika nalo, ahadi ikivunjika, sauti yako haitamtuliza tena. Fungua kiganja, umwache aje mwenyewe. Aliyezoea kupigwa huogopa mkono unaomjia kutoka juu.

Halafu subiri. Hapa ndipo wengi hukosea: huanza kuuliza "kwa nini umefanya hivi?" au kumhubiria, ilhali ubongo wake wa mbele haujawa tayari kupokea somo. Ngoja mabega yashuke, pumzi irefuke, macho yarudi kukutazama. Somo lije baadaye, kwa sentensi mbili.

Mtoto mchanga ni tofauti kidogo. Kilio chake kwa kawaida hufikia kilele karibu na wiki ya sita, hata akiwa mzima kabisa. Ukihisi hasira inakuzidi, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika 5 hadi 10, kisha rudi. Usimtikise kamwe: kutikiswa hupasua mishipa ya damu ya ubongo na kunaweza kumuua.

Kila siku

Anapotoa sauti au kunyoosha kidole, mtazame, mjibu, kisha nyamaza ukihesabu hadi 5 au zaidi ili naye apate zamu. Kimya hicho walezi wengi hukikatiza, ilhali ndicho kinachompa nafasi ya kujibu. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wakae dakika chache mbele ya watoto wao wachanga bila kuonyesha hisia yoyote usoni. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakajaribu tena, mwishowe wakageuza uso na kulia. Uso ulioinamia simu kwa muda mrefu nao haumjibu mtoto.

Mpangilio wa jioni uwe uleule: kuoga, kula, hadithi, kulala. Mwenye miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku. Mtoto akijua kinachofuata, hana haja ya kukesha akijilinda.

Utamfokea siku moja. Rudi siku hiyohiyo: "Nilikufokea. Kufoka lilikuwa kosa langu." Usiongeze "lakini wewe nawe". Hata mama na mtoto wanaopendana hukosana mara nyingi kwa siku. Kinachomjenga mtoto ni kurudiana.

Kama kutuliza hakutoshi

Kama anayemtisha bado yumo nyumbani, pumzi na hadithi hazitoshi. Mtoe mtoto kwenye hatari kwanza, kwa msaada wa ndugu, ustawi wa jamii au polisi.

Jinamizi, kushtukashtuka, kurudia kukojoa kitandani au kuigiza tukio lilelile katika michezo kukizidi mwezi mmoja, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya kiwewe mara nyingi huchukua vikao 12 hadi 16, na mlezi hushiriki. Akitaja kufa au kujiumiza, nenda siku hiyohiyo.

Na kama utoto huo mgumu ulikuwa wako, mwambie daktari wako hata kwa sentensi moja: "Nilikulia kwenye vurugu." Omba mpime shinikizo la damu na sukari, mzungumzie usingizi, pombe, sigara na sonona. Huna haja ya kusimulia kilichotokea ili upimwe.