Wikiendi ya kuvua mkizi Pangani: mambo ya kuzingatia kabla hujatoka Moshi

Kabla hujauliza nani ana gari na nani ana ruhusa kazini, angalia mwezi. Sisi wa Moshi tumezoea maji yanayoteremka upande mmoja tu, ya mfongo (mfereji wetu wa kienyeji), ya mito ya Karanga na Weruweru. Maji yanayokwenda na kurudi mara mbili kwa siku hatuyajui. Safari yetu ya kwanza ya kuvua mkizi tuliipanga kwa kufuata mshahara. Tukafika mdomoni mwa mto Pangani saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tumebeba fimbo zetu kama watu wa maana. Tulichokuta ni tope jeusi, kaa wanakimbizana, na mitumbwi miwili imelala ubavu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliitikia shikamoo yetu, akavitazama viatu vyetu, akasema, "Maji yenu yameondoka tangu alfajiri. Rudini saa kumi."

Hesabu yenyewe si ngumu, mtu ataifanya akiwa bado nyumbani Majengo. Siku ya mwezi mpevu, na siku mwezi unapoandama, pwani ya Tanga maji hujaa pomoni karibu saa kumi alfajiri na tena karibu saa kumi alasiri, na hupwa katikati ya hapo, saa nne hivi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Hayo ni maji ya bamvua: yanajaa sana, yanatoka sana, tofauti ya kina inaweza kupita mita tatu, na mkondo wake mdomoni mwa mto haumsubiri mgeni. Wiki moja baadaye mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa fujo, na kilele chake huangukia saa nne asubuhi au karibu na hapo. Kwa mtu anayejifunza kuvua kwa boya, hizo ndizo siku zake. Tafuta Jumamosi iliyo karibu na tarehe 7 au 22 ya mwezi wa Kiislamu, na kama kalenda hiyo huna ndani, jirani anayo. Utavua kuanzia saa moja asubuhi maji yakipanda hadi saa tano yakianza kugeuka, halafu Jumapili unasogeza kidogo. Ratiba ya namna hiyo inakuachia hata muda wa chai. Bado, ukishafika, muulize mvuvi yeyote pale kivukoni saa za siku hiyo. Hesabu ya mezani hukosea nusu saa bila haya.

Msimu nao una neno. Masika mto unashusha tope, na maji yake mengine yanatoka kwetu huku juu: Karanga na Weruweru zinaingia Kikuletwa, Kikuletwa na Ruvu zinakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachotoka hapo ndicho kinachoitwa Pangani mpaka baharini. Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, upepo unalibeba boya lako usijue kama ni samaki au ni hewa. Mimi napenda maleleji, kusi imechoka na kaskazi haijaingia, Septemba mwishoni na Oktoba, kabla vuli haijakolea.

Sasa samaki mwenyewe. Methali inasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, kwa sababu huruka juu ya maji na mara nyingine huangukia ndani ya mtumbwi. Watu wa bara wakiisikia wanadhani huyu ni samaki mjinga. Subiri umweke kwenye ndoana. Mkizi hali samaki wenzake. Anakula utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe na mizizi ya mikoko, anachota tope la juu, anachuja, anameza na mchanga kidogo. Ndani ana firigisi nene kama ya kuku, ya kusaga hayo yote, na utumbo mrefu ajabu. Mdomo wake ni mdogo na midomo yake laini. Kwa hiyo ile ndoana ya kambale uliyonayo sandukuni, nene kama msumari, iache nyumbani. Hataigusa, na akiigusa utaichomoa pamoja na kipande cha mdomo.

Ndoana iwe namba 10, au 8 kama mkate wako wa chambo ni mzito. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua, maana kuna mwenzetu mmoja alinunua kinyume pakiti nzima. Uzi wa milimita 0.20 unatosha, usizidi sana hapo, kwa kuwa maji yakiwa safi mkizi anauona uzi kabla hajauona mkate. Boya liwe dogo na jembamba. Wazee wa pwani huliita chelezo, na chelezo cha kienyeji kinafanya kazi vizuri kuliko yale maboya mekundu ya duara ya dukani, ambayo kwa mkizi ni kama kumfungia ngoma. Sisi tunakata kandambili iliyokufa, tunaichonga ukubwa wa kidole kidogo, tunaitoboa kwa sindano ya moto na kupitisha kijiti cha fagio. Utotoni tulitumia bua la hindi lililokauka kwenye bwawa la perege la babu, nalo linaelea vizuri ila halivumilii siku mbili za maji ya chumvi. Chini ya boya bana kwenye uzi vipande vidogo vya risasi vitatu au vinne, vikiachana, mpaka boya lizame libaki ncha tu juu. Ncha ikiwa ndefu, mkizi anabeba mkate anasikia uzito, anautema, na wewe hujaona kitu. Kina nacho kipime kabla: funga chubwi, yaani kitu kizito cha kuzamisha, kwenye ndoana, shusha, sogeza boya hadi ujue chini ni wapi, kisha anza kuvua katikati ya maji au juu zaidi. Huyu hula hata usoni pa maji.

Mkate ndio chambo, na mkate si lelemama. Nunua boflo mbili Alhamisi na tatu Ijumaa. Za Alhamisi zitakuwa zimekauka kiasi, hizo ni za kutawanya: ziloweke kwa maji ya mto huohuo, zikande ziwe uji mzito, changanya na dagaa waliotwangwa (dagaa wa soko la Mbuyuni wanatosha, usitafute wa kifahari), halafu tupa konzi moja kila baada ya dakika chache, palepale boya lako linapopita. Kidogo kidogo. Ukitupa ndoo nzima kwa mkupuo, mkizi watashiba wakutazame. Za Ijumaa, ile nyama nyeupe ya ndani, ni za ndoana: nyofoa kipande, kibinye upande mmoja tu kwenye shina la ndoana, upande mwingine ubaki umechanua. Ukikibinya chote kinakuwa donge na kinazama kama jiwe. Hili la mkate ndilo ningewaomba mfanye mazoezi nyumbani kwenye beseni, hata kama mama watoto atacheka.

Na boya likizama, usinyanyue kama unang'oa muhogo. Inua mkono taratibu mpaka usikie uzito, kisha mwache akimbie. Mkizi wa kilo moja ana nguvu za kukushangaza, na mdomo wake hauhimili kuvutwa kwa ubishi. Ukiwa na gurudumu la kukunjia uzi, lilegeze. Ukiwa na mwanzi mtupu, uwe mrefu na wenye kupinda, uufuate. Wavu mdogo wa mkononi wa kumpokelea ni lazima. Tulipoteza wanne siku moja kwa kujaribu kuwanyanyua kwa uzi kutoka chini ya ukuta wa ukingoni.

Juu ya marafiki nitasema machache, maana wengine watasoma. Watu wanne ndio idadi nzuri: gari moja, vyumba viwili, na nafasi ya kutosha ukingoni bila nyuzi kusokotana. Mkizi hutembea kwa makundi karibu na uso wa maji na anashtuka kwa kivuli na kishindo, hivyo spika ya bluetooth na mtu wa hadithi ndefu wanaweza kubaki gari moja hadi jioni. Michango ikusanywe kabla, mafuta, malazi, barafu, na mmoja aishike na kuiandika. Chumba kithibitishe kwa simu Jumatano na tena Ijumaa asubuhi. Tulishawahi kufika saa mbili usiku tukaambiwa vyumba vyetu vimechukuliwa na wageni wa harusi, tukalala kwenye viti vya gari na mbu wa Pangani, ambao si mbu wa Moshi. Chandarua, dawa ya kupaka na shati la mikono mirefu viingie begini kabla ya fimbo.

Kwa njia, hesabu kilomita 350 hivi mpaka Tanga mjini na 50 zaidi kuteremka Pangani. Kwa gari dogo, pamoja na vibao vya 50 kuanzia Mwanga hadi Muheza na kusimama Mombo kula, ni siku nzima ya kazi. Ndiyo maana nasema ondoka Ijumaa asubuhi, uombe ruhusa ya siku moja, au basi usubiri wikiendi yenye sikukuu. Atakayekuambia tutatoka Ijumaa jioni tukavue Jumamosi alfajiri hajawahi kuendesha Same na Hedaru usiku nyuma ya malori. Machungwa ya Muheza nunua wakati wa kurudi.

Ukifika, jambo la kwanza ni ofisi ya uvuvi ya wilaya, au kikundi cha wavuvi wanaosimamia ufukwe, BMU. Uvuvi nchini una sheria yake ya mwaka 2003, na kanuni za leseni wao ndio watakaokueleza, pamoja na mahali pa kuvua na pasipovuliwa. Pwani ya kati ya Tanga na Pangani ina hifadhi ya bahari ya silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, iliyoanzishwa 2009, na kisiwa cha Maziwe kilicho mbele ya Pangani kimehifadhiwa pia. Usijifanye hukuviona. Adabu nayo ina kazi yake: usisimame juu ya nyavu za mtu, usizuie njia ya ngalawa, na salimia kwanza. Sehemu nzuri niliyowahi kuonyeshwa nilionyeshwa na kijana wa kivuko cha Bweni baada ya kumgawia mkate.

Hatari zipo, na nyingi ni za miguuni. Kwenye mchanga wenye tope anajilaza samaki aitwaye taa, na mkia wake una mwiba wa sumu. Tembea kwa kuburuza miguu, usiinue na kukanyaga, atakusikia aondoke. Akikuchoma, ingiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha hospitali. Kwa hiyo chupa ya chai isiyo na chai, iliyojaa maji moto, tunakwenda nayo ukingoni. Fumi, kambale wa baharini, naye ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, mshike kwa kitambaa. Bunju atakuja kwenye mkate wako, huyo hakosi: anajivimbisha kama mpira na anakata uzi kwa meno. Mrudishe majini. Asipelekwe jikoni kabisa, sumu yake inaua na haiondoki kwa kupikwa. Juu ya mto, mbali na mdomo, kuna mamba, kwa hiyo wazo la kupanda na mtumbwi kutafuta mahali pasipo watu lizimwe mapema. Asiyejua kuogelea akae ukutani, na maji ya bamvua yakianza kutoka, hata anayejua akae ukutani.

Viatu vya zamani vya kufunga kamba, siyo kandambili, tope linazinyonya. Kofia, mafuta ya jua. Kisu na ubao.

La mwisho ni barafu, na hapa ndipo safari nyingi za watu wetu huharibika. Mkizi tumboni amejaa tope na kijani, na kwenye joto la Pangani tope hilo linaingia nyamani ndani ya saa chache. Mpasue palepale ukingoni, ondoa utumbo wote na ile ngozi nyeusi inayofunika tumbo kwa ndani, safisha kwa maji ya chumvi, weka barafu. Firigisi usitupe, ipasue utoe mchanga, inakaangwa na kitunguu. Deli la lita 40 linatosha watu wanne ambao hawajawa mabingwa, na sisi hatujawa. Barafu ya kwanza nunua Tanga mjini Ijumaa, ya pili Jumapili kabla ya kuondoka, na fungua kizibo cha chini maji yatoke kila mnaposimama njiani, samaki asiogelee tena. Mkishindwa kupata wa kutosha, wavuvi wa pale wanauza, na hakuna mtu Moshi atakayejua tofauti. Ila waambie wenzako kabla mkubaliane hadithi moja. Sisi hatukukubaliana, na shemeji yangu aliuliza kwa nini samaki wa ndoana wana alama za nyavu shingoni.